Baba ni fundi wa vyuma, ameandikiwa MRI, na senje anasema hiyo mashine itamchoma

Mama Picha hujambo, na poleni na baridi ya Nakuru. Mimi naishi Kisumu upande wa Nyalenda lakini kwetu ni Luanda, niko na miaka 33, na nakuandikia sababu ya baba yangu maana nyumba yote imegawanyika mara mbili juu ya mgongo wake.

Baba ako na miaka 61 na ni fundi wa kuchomelea. Pale soko la Luanda mtu akitaka geti ama dirisha anaelekezwa kwake, amefanya hiyo kazi tangu mimi sijazaliwa, macho yake ni mekundu siku zote hadi watoto wangu humuita Guka Macho. Tangu Aprili mgongo unamsumbua, unaanzia kiunoni unateremka na paja mpaka kwa kisigino cha kushoto, anasema ni kama mtu amemfunga waya wa stima hapo ndani. Sindano amedungwa, tembe amemeza, mafuta za kupaka zimejaa dirishani. Mwishowe daktari akasema apigwe MRI ya kiuno hapa Kisumu na tumepewa Alhamisi ya wiki ijayo saa tatu asubuhi.

Sasa hapo ndio vita ilianza. Senje yetu, dadake baba, aliposikia akapanda matatu kutoka Majengo akakuja kusema hiyo mashine inachoma mifupa kutoka ndani na ikishakuchoma ni kansa, ati kuna mzee wa kanisani kwao aliingizwa kwa hiyo shimo akatoka nusu mfu. Mama Picha, baba ni mtu wa kubeba mtungi wa oksijeni begani peke yake, lakini aliposikia neno shimo alinyamaza kabisa. Jioni akaniita nyuma ya nyumba akaniuliza kwa sauti ya chini kama mlango wake hufungwa na kufuli. Sikuwa na jibu.

Tena senje anasema baba asikule chochote kuanzia Jumatano jioni wala asimeze dawa yoyote, na baba ako na sukari, anatumia metfomini asubuhi na jioni. Kaka yangu anasema akule. Mimi hata sijui nimwamini nani kwa sababu mwezi jana nilienda kupigwa altrasaundi ya tumbo la chini, jirani akaniambia altrasaundi ni ya kwenda na njaa, nikaenda bila chai bila hata tone la maji, kufika nikaingia choo kwanza kama mtu mwenye adabu. Nikaitwa, yule dada akaweka ile kitu tumboni akasema kibofu hakina kitu, toka nje kunywa maji. Nikanunua chupa mbili kwa kiosk, nikazimaliza, nikakaa kwa benchi karibu masaa mawili, na wakati kibofu kilijaa sasa kulikuwa na watu sita mbele yangu. Nililia, sikudanganyi. Mwishowe nilikojoa nikarudi nyumbani, wamenipatia siku ingine, Jumanne.

Kitu ya mwisho, walitupatia fomu ya hiyo MRI tukaijaze nyumbani, iko na maswali karibu ishirini. Baba ameandika HAPANA kote bila kusoma, akasema hayo ni mambo ya ofisi. Nimeiweka kwa bahasha na ile barua ya daktari. Tafadhali niambie tumpeleke ama tuache, na tukimpeleka tujitayarishe aje.

Binti wa Fundi, Kisumu

*

Binti wa Fundi, asante kwa barua, na mwambie baba pole.

Mpelekeni. Lakini kabla sijafika kwa senje na kabla ya hiyo shimo, nenda sasa hivi kwa hiyo bahasha utoe fomu uirarue, Jumatatu uombe ingine. Kwa barua yako yote hapo ndipo niliposhtuka, ile HAPANA kote ya mtu ambaye amekata vyuma maisha yake yote na macho yake ni mekundu mpaka wajukuu wamempatia jina.

Wacha nikueleze kwa nini. MRI ni sumaku. Mashine nyingi za kawaida ni za tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), hiyo ni kama mara elfu 30 ya ile nguvu ya dunia inayofanya dira ielekee kaskazini, na haizimwi, hata usiku watu wakiwa wamelala iko kazini. Sasa kwenye kazi ya baba, grainda ikikata chuma inarusha vipande vidogo kuliko chembe ya chumvi, na kingine huingia jichoni kikakaa humo miaka bila kuuma. Ukiingiza hilo jicho kwa sumaku kile kipande kinataka kusogea. Mwaka 1986 madaktari wa Marekani waliandika juu ya fundi wa mabati aliyekuwa na kipande kama hicho bila kujua, akapigwa MRI, jicho likavuja damu ndani akapoteza kuona upande huo. Ndio maana lile swali liko kwa fomu.

Mimi nimefanya kazi ya kupiga picha hospitalini miaka mingi kabla ya kustaafu na nakwambia mafundi wote hujibu hapana. Hawadanganyi, ni vile wao huita hiyo kitu jina lingine. Kuna mmoja hapa Nakuru nilimuuliza, mzee umewahi kuingiwa na chuma jichoni? Hapana. Unafanya kazi gani? Kuchomelea. Na hujawahi kuingiwa na kitu kwa macho miaka hiyo yote? Akacheka, aa mama, hiyo si chuma, hiyo ni vumbi, hiyo huingia kila wiki, kijana ananitolea na ncha ya leso. Tukampeleka kwanza eksirei ya macho, na kwa jicho la kulia, hapo pembeni, kulikuwa na kidoa cheupe hivi, kidogo sana, kimekaa tu. Alikuwa amebakisha dakika kumi aingie kwa sumaku.

Kwa hivyo muulize baba kwa lugha yake. Usiseme chuma, sema vumbi ya grainda. Muulize kama amewahi kutolewa kitu jichoni na mwenzake ama kwa zahanati, kama kuna siku jicho lilivimba akalala nalo. Halafu hata akikataa andika kwa fomu kazi yake ni nini na ameifanya miaka mingapi, na Alhamisi umwambie radiografa, yule anayepiga picha, kwa mdomo wako. Watampiga eksirei ya macho, ni dakika chache, ikiwa safi anaingia. Ikionyesha kitu, MRI inangoja na daktari anatafuta njia ingine, na hapo usikasirike ati mmepoteza nauli.

Kwa hiyo fomu angalia pia kama amewahi kuwekwa kifaa cha moyo cha kupigisha mapigo, ama klipu ndani ya kichwa baada ya upasuaji, ama kifaa cha masikio kilichopandikizwa, ama kama ana risasi mwilini. Vyuma vya kuunga mfupa baada ya ajali ya boda vingi havina shida maana vingi ni vya titani ama vyuma visivyovutwa na sumaku, lakini lazima viandikwe, na kama mko na karatasi ya ule upasuaji mbebe. Na kama figo zake zimewahi kuwa na neno liandikwe pia, hasa mtu wa sukari.

Halafu kuna mtungi. Umesema hubeba wa oksijeni begani. Mwaka 2001 kule New York mtoto wa miaka 6 alikuwa amelala ndani ya MRI, mtungi wa oksijeni ukaletwa chumbani, sumaku ikauvuta ukaruka ukampiga kichwani, akafariki. Sikwambii hivi nikutishe, nakwambia ndio uelewe mbona mtu wa mlangoni atakuwa mkali na mshipi wa baba, na sarafu za mfukoni, na funguo, na ile tepu ya kupimia ambayo najua haiachi hata akienda kanisani. Simu na kadi ya benki pia zinabaki nje. Miwani, saa, meno ya bandia kama anayo. Wewe ukitaka kuingia naye nawe utaulizwa maswali hayo hayo, na kama umesuka nywele na umebana na vibanio vya chuma utavitoa vyote.

Sasa senje. Senje ametaja kitu cha kweli lakini amekipandisha matatu isiyo yake. Mionzi iko kwa eksirei, zile ambazo mjerumani Röntgen aligundua 1895, na iko kwa CT skani ambayo ni eksirei inayozunguka mwili. MRI haina hiyo mionzi hata kidogo. Inafanya kazi na sumaku na mawimbi ya redio, yale maji ya mwilini yanaitikia na mashine inasikiliza jibu lake inachora picha. Haichomi mfupa. Altrasaundi nayo ni sauti tu, ndio maana wamama wajawazito hupigwa hiyo.

Na hata kwa zile zenye mionzi tuongee na vipimo. Kila mtu anapata mionzi kidogo kutoka kwa udongo, mawe na anga, wastani wa dunia ni kama milisiveti 2.4 kwa mwaka (milisiveti ni kipimo cha mionzi). Eksirei moja ya kifua ni sawa na kile unapata kwa kukaa tu nyumbani siku kumi hivi. CT ya tumbo ndio kubwa, inaweza kufika milisiveti 8 mpaka 10, kama miaka mitatu mpaka minne ya kukaa tu. Kwa hivyo CT haipigwi kwa sababu tu mtu anataka kujua, inapigwa kama daktari ana swali, na mwanamke akidhani ana mimba aseme kabla hajalala kwa ile meza. Lakini hayo si ya baba Alhamisi.

Kuhusu kula, kaka yako ameshinda. MRI ya kiuno ya kawaida haihitaji njaa. Baba akunywe chai yake, akule, ameze metfomini yake kama siku zote. Mtu wa sukari kumfungisha kutoka jioni mpaka saa tatu, halafu kwa hospitali saa tatu mara nyingi huwa saa tano, huko ni kumtafutia kizunguzungu bure, na kama angekuwa wa insulini ingekuwa hatari kabisa. Hiyo story ya kuacha metfomini nadhani senje aliisikia kwa mtu wa CT. Kwa CT mara nyingine unadungwa dawa ya rangi yenye ayodini ndio mishipa ionekane, inapita ukisikia joto mwili mzima mpaka unadhani umejikojolea, na ladha ya chuma mdomoni, halafu inaisha. Figo ndizo huitoa, kwa hivyo mwenye figo dhaifu anayetumia metfomini husimamishiwa kwa masaa 48 hivi, na hiyo husemwa na daktari baada ya kupima damu, haisemwi na mtu wa stegi. MRI nayo ina rangi yake tofauti, gadolini, lakini kwa maumivu ya mgongo ya kawaida mara nyingi haitumiki. Pigieni hospitali simu Jumatatu muulize maneno mawili tu: ni na rangi ama bila rangi, na mgonjwa ni wa sukari, kuna maagizo gani. Hapo hapo uulize bei na kama idhini ya SHA, ile bima ya afya ya serikali, imeshatoka, maana tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024 nimesikia wengi wanafika asubuhi ndio waambiwe idhini bado.

Tumalizie shimo. Mwambie baba hakuna mlango na hakuna kufuli. Ni kama karavati kubwa nyeupe, iko wazi mbele na nyuma, ina taa na upepo ndani. Atalala kwa meza, meza itamsogeza. Atashikishwa kitu kama mpira mkononi, akikifinya wanakuja. Kuna spika, wataongea naye. Itachukua kama dakika 20 mpaka 45 na kazi yake ni kutotingika tu, hiyo ndio ngumu kwa mtu mgongo unamuuma, kwa hivyo ameze dawa yake ya maumivu kabla kama daktari amekubali na aombe mto chini ya magoti, wanayo. Afunge macho akiwa bado nje, asiyafungue ndani. Wengine huomba kitambaa juu ya macho. Na aulize kama ataingizwa miguu kwanza, kwa kiuno inawezekana mahali pengi, na hiyo peke yake imewasaidia watu wengi niliowaona wakitetemeka.

Kelele iko. Inagonga, inanyamaza, inalia tititi, inagonga tena, kama mtu anapiga mabati juu ya kichwa chako. Atapewa vya kuziba masikio avivae. Lakini ukweli binti yangu, mzee wa karakana ya Luanda ndio mtu wa mwisho wa kuogopa mtu akigonga mabati, mwambie nimesema hivyo.

Yule mzee wa kanisani wa senje simjui. Ninachojua ni kwamba watu huingizwa kwa MRI wakiwa tayari wagonjwa sana, na wakitoka bado ni wagonjwa, na mashine ndio hubeba lawama.

Baada ya picha msimbane radiografa awaambie ameona nini. Hafichi kitu, kazi ya kusoma ni ya radiolojisti na ripoti inaenda kwa daktari aliyewatuma. Chukueni ripoti na sidii, zile picha za zamani mkiwa nazo mbebe siku hiyo zilinganishwe. Na ikirudi imeandikwa diski, ile pedi iliyo kati ya mifupa ya mgongo, imetokeza msipige nduru. Kwa umri wa baba diski iliyotokeza ni kama mvi, wamepiga MRI watu ambao hawaumwi popote wakazikuta, wa miaka 20 karibu watatu kwa kila kumi, na kadiri umri unapanda zinaongezeka mpaka wa miaka 80 ni zaidi ya wanane kwa kumi. Daktari ndiye ataangalia kama ile iliyotokeza ndiyo inagusa mshipa wa huo mguu wa kushoto.

Kitu kimoja hakingoji Alhamisi. Baba akishindwa kukojoa ama mkojo ukianza kutoka wenyewe, akipata ganzi pale anapokalia, ama mguu ukianza kuburuta, hiyo siku hiyo hiyo mpelekeni kwa dharura, hata kama ni usiku, mkishuka Kondele muulize tu Russia, kila mtu wa boda anajua hospitali hiyo hata kama jina la kwa geti ni la Jaramogi.

Na wewe na kibofu chako, pole lakini nimecheka. Jirani hakukudanganya, alikupatia maagizo ya altrasaundi ingine. Ile ya tumbo la juu, ya ini na nyongo, ndio ya njaa masaa sita mpaka nane, kwa sababu ukila mandazi nyongo inajikunja haionekani vizuri, na gesi ya matumbo inazuia sauti kupita. Yako ni ya tumbo la chini. Hiyo inataka kibofu kijae kisukume matumbo juu kiwe kama dirisha la kuangalia kizazi. Kula chai yako na mkate. Lisaa limoja kabla ya saa yako kunywa maji kama lita moja, kidogo kidogo, usikojoe. Ukifika kwa dawati usikae kimya kwa benchi na adabu zako, mwambie mtu wa laini, mimi kibofu kimejaa, niko wa saa ngapi? Wakikwambia bado watu sita, uliza kama unaweza kupunguza kidogo, kikombe hivi, halafu uendelee kunywa. Inawezekana, ni ngumu kusimamisha katikati lakini inawezekana. Na wakisema watatumia kile kifaa cha kuingizwa chini, hapo ni kinyume, watakutuma choo kwanza. Vaa sketi ama suruali ya kiuno cha lastiki, ile jeli ni baridi na inapaka nguo, beba leso ya kujipangusa maana tishu zao huisha saa nne.